Mstari Mwekundu wa Rimu ya Mbele

Povu alikuwa mtu wa mikono na mdomo, na vyote viwili vilifanya kazi kwa nguvu moja. Uwanja wake wa kuoshea pikipiki ulikuwa kipande cha sakafu ya saruji chenye mteremko wa kupeleka maji mtaroni, paa la mabati upande mmoja, mapipa mawili, mashine ya maji iliyonguruma kama mtu anayedai talaka, na benchi lenye mguu mmoja mfupi. Ukimwona mtu ameketi upande wa mguu mfupi, huyo ni mgeni. Wenyeji walijua.

Jina la Povu lilikuwa na asili mbili, sabuni yake na maneno yake, na wateja hawakuwahi kukubaliana ni ipi iliyotangulia.

Chini ya benchi kulikaa dumu la manjano lisilo na karatasi yoyote. Povu aliliita Mjomba Mkali. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kung'arisha alumini, aliyouziwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Unainyunyizia rimu, unahesabu hadi ishirini, unamwaga maji, na uchafu unashuka wenyewe kama umeitwa na polisi. Kwa miaka mingi Mjomba Mkali alimletea sifa, mpaka alipokutana na rimu za Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu shule ya jirani, na alikuwa mtu wa kupiga pasi hata soksi. Pikipiki yake ilikuwa na rimu za rangi ya dhahabu. Povu akanyunyiza, akaanza kumsimulia Mwalimu kisa cha mbuzi aliyepanda ngazi, kisa kikanoga, hesabu ikapotea. Maji yalipomwagwa, rimu zilitoka na mabaka meupe kama mbwa mwenye upele. Povu alizipaka rangi upya kwa mkono wake, siku mbili nzima, na rangi ikakubali kukaa. Mwalimu ndiye hakukubali kunyamaza. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikuja kuketi benchini, upande mzuri, na kila Povu alipoinamia gurudumu, sauti ya upole ilisikika nyuma yake.

"Kumi na nane. Kumi na tisa."

Hakufika ishirini hata mara moja. Aliiacha hapohapo, ining'inie.

Jumamosi hii Mwalimu alikuwa ameshaketi pale Shemeji alipoingia uwanjani akisukuma pikipiki. Povu aliifahamu kabla hajamwona anayeisukuma. Ilikuwa pikipiki ya kaka yake, mume wa Shemeji, ambaye sasa alikuwa na miaka sita kaburini, na kwa miaka hiyo sita chombo hicho kilikaa stoo kimefunikwa gunia. Rimu zake nyeusi zilikuwa zimevaa tope kavu, vumbi la breki na mafuta ya cheni yaliyoganda, hata ukiambiwa zimefinyangwa kwa udongo ungeamini.

"Shemeji, hata simu hukupiga," alisema Povu, akifuta mikono kwenye suruali. "Ningefagia."

"Ndiyo maana sikupiga. Nilitaka kupaona palivyo."

Shemeji alikuwa fundi wa miwani. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, akichonga vioo, akivisafisha, akivipachika. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kukutazama machoni halafu pembeni ya macho, hata ukajihisi umevaa fremu iliyopinda.

Akasimamisha pikipiki kivulini. "Jumatatu mwanao, huyu binti wa kaka yako, anaanza kazi," alisema. "Udaktari wa mifugo una kuzunguka kwingi, na ng'ombe hawaji ofisini. Injini fundi ameshaifufua. Limebaki hili." Akaelekeza kidole kwenye rimu ya mbele, bila kuigusa. "Chini ya uchafu huu kuna mstari wa kaka yako."

Povu aliujua. Mstari mwekundu, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, uliozunguka kila rimu, ambao kaka yake aliuchora kwa brashi na mkono wake. Hapakuwa na kingine cha mkono wake kilichobaki duniani. Hakuwa mtu wa kuandika barua, na nyumba aliyoijenga ilishauzwa.

"Mstari ukitoka salama, mwanao ataipanda," alisema Shemeji. "Ukifutika, naifunika gunia tena, naye atatafuta usafiri mwingine. Sitaweza kuitazama barabarani bila huo mstari. Nimejijua."

"Basi umefika penyewe. Nipe dakika ishirini."

Benchini, Mwalimu akakohoa.

"Nimesikia habari za dakika zako," alisema Shemeji. "Nitaosha mwenyewe. Wewe nipe maji, kivuli na nafasi. Ushauri nikiutaka nitauomba."

Povu akajitia hamnazo, akaenda kuwasha mashine ya maji. Kuosha kwa mashine aliona si ushauri, ni ukarimu. Hata haijanguruma vizuri, Shemeji aliinua kiganja.

"Hiyo zima. Rangi ya brashi ikizeeka, kingo zake hunyanyuka kidogo kidogo. Ukiipiga maji ya nguvu yanaingia chini yake, yanaivua kama ganda la yai. Huna kopo la kumwagilia maua?"

"Shemeji, unaona maua hapa?"

"Naona mtu mwenye msumari na makopo."

Povu akatoboa kopo. Shemeji akavaa miwani yake ya kazini, ile yenye kioo cha kukuza kinachoshuka mbele ya jicho moja, akavuta kigoda hadi gurudumu la nyuma, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa spoki. Akakaa hivyo muda mrefu bila kutenda lolote.

"Anaosha au anasoma?" aliuliza Mwalimu.

"Nasoma kwanza," alijibu Shemeji bila kugeuka. "Wewe si mwalimu? Huwa unasahihisha kabla ya kusoma?"

Mwalimu akajiweka sawa, akaukuta upande wa mguu mfupi.

Kisha kazi ikaanza, na Povu, aliyekuwa amejipanga kucheka, alijikuta anatazama. Shemeji alimwaga maji kama mvua ndogo, akaacha, akamwaga tena. Hakugusa kitu. Alikuwa akingoja tope linywe. Mchanga ulipoanza kuteremka wenyewe, aliusindikiza kwa maji mpaka mtaroni. Akauliza sabuni gani ipo. Povu akataja tatu zake, zote za kutoa machozi. Shemeji akatoa mkobani chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, akadondosha matone machache kwenye ndoo, akaweka ndoo ya pili ya maji matupu kando yake. Akachovya kitambaa, akagusa sehemu ndogo ya rimu upande wa ndani, mahali jicho la mtu halifiki. Akangoja. Akatazama kitambaa kama kimetoka na weusi. Hakikutoka na kitu ila uchafu.

"Sasa tumejua," alisema.

Alipangusa kipande cha urefu wa kidole, upande mmoja tu, akasuuza kitambaa kwenye ndoo ya maji matupu, ndipo akakirudisha kwenye sabuni. Kipande kingine, akasuuza tena. Kwenye miguu ya spoki alitumia brashi ya kunyolea ndevu. Povu aliitambua brashi hiyo ya kaka yake, na ilimbidi atazame paa kidogo. Mara kitambaa kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Povu akakiokota, akakipigapiga pajani, akampa.

"Kimekufa hicho," alisema Shemeji, akatoa kingine.

"Kina vumbi kidogo tu."

"Chembe moja, Povu. Kazini kwetu chembe moja ya mchanga ikibaki kwenye kitambaa, mteja ataona mkwaruzo huo kila akifumbua macho, mpaka avunje miwani. Kinachokwaruza si kitambaa. Ni kile kilichopanda kitambaa bila nauli."

Povu alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi hii, na kitambaa chake kimoja kilikuwa na miaka minne. Akakitazama kilipotundikwa kwenye msumari. Kwa mara ya kwanza aliona kilivyo, akasogea kukifunika kwa mgongo wake.

Robo ya rimu ya nyuma ilikuwa imetokeza, nyeusi ya kung'aa, na mstari mwekundu ukakaa juu yake mzima, kama umechorwa juzi. Mwalimu alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona aliposimama.

Ila magoti ya Shemeji yalianza kulalamika, na gurudumu lilikuwa zito kulizungusha huku umeshika kitambaa. Akanyoosha mgongo. "Wenzako wanaoosha ng'ambo ya barabara nimewaona. Wanaipandisha kwenye stendi, wanawasha injini, wanaingiza gia, gurudumu linazunguka lenyewe. Wao wanashika kitambaa tu. Tufanye hivyo, tusilale hapa."

Povu hakujibu kwa mzaha, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Mwalimu ageuke. Alisogea, akachomoa ufunguo, akauweka mfukoni, akaubonyeza kwa kiganja kama anayeulaza.

"Hapana, shemeji."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole chake kidogo kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. Kwa miaka mingi Povu alikuwa amekieleza kidole hicho kwa namna nyingi. Watoto waliambiwa alikiacha kinywani mwa nyani. Wateja wapya waliambiwa alikikopesha. Shemeji mwenyewe alikuwa ameambiwa mlango wa gari.

"Nilikuwa nafanya hicho unachosema. Kitambaa kilinaswa na cheni, mimi nikanaswa na kitambaa. Injini haina habari kama inakula kitambaa au mtu. Kaka ndiye aliyeruka akaizima, la sivyo ungekuwa na shemeji wa mkono mmoja." Akarudisha mkono. "Gurudumu linazungushwa kwa mkono, injini imezimwa, gia iko huru. Wewe safisha, nitazungusha mimi."

Shemeji alimtazama machoni, halafu pembeni ya macho. "Kumbe kuna kitu unakijua."

"Viwili. Cha pili, hiyo diski ya breki isiguswe na mafuta wala kitu cha kung'arisha, na tairi vilevile. Pikipiki ikipendeza halafu isishike breki, mwanangu atampita ng'ombe aliyemfuata."

Basi wakaendelea hivyo. Yeye akizungusha kidogo, Shemeji akisafisha, yeye akizungusha. Mafuta ya cheni yaliyoganda yalichukua saa nzima. Povu hakuongea ile saa nzima, na mwendesha pikipiki mmoja aliyepita alisimama kumwuliza Mwalimu kama kuna msiba.

Mikono ya Shemeji ndiyo iliyomfunga mdomo. Haikuharakisha, na haikurudia kitu mara mbili. Vidole vilijua wakati wa kukaza na wakati wa kuelea, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga asiyemjua bado. Povu alijiona mjuzi wa kazi yake kwa sababu alitoa uchafu haraka. Sasa aliona kuna watu ambao hawatoi uchafu. Wanaubembeleza mpaka unaondoka wenyewe, na kilichokuwa chini yake hakijui hata kama palikuwa na kazi.

Walipohamia gurudumu la mbele, wakatia kigogo chini ya injini ili lining'inie, na hapo Povu akaanza kuzungusha polepole zaidi.

Rimu ile nayo ikatoka safi, ila karibu na vali palibaki pande la lami gumu, pana kama kifuniko cha soda. Mstari uliingia chini yake upande mmoja na kutokea upande wa pili, na mahali ulipotokea ulikuwa umepinda kidogo.

Povu alijua kilichokuwa chini ya lami. Siku ile ya kuchora, miaka kumi na mitano nyuma, yeye ndiye aliyekuwa akizungusha gurudumu taratibu, na kaka yake ameshika brashi, ulimi umetoka nje pembeni kama mtoto anayeandika. Ikabaki robo. Povu, ambaye kimya cha dakika tano kilikuwa kinamuua, akasema neno juu ya ulimi ule. Kaka akacheka, gurudumu likaruka, mstari ukapinda. Kaka akaenda kutafuta kitambaa cha kurekebishia. Povu akaona arekebishe mwenyewe kwa gumba. Rangi ilikuwa inashikashika, na gumba likaacha doa jekundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Haraka akazungusha gurudumu, doa likatazama chini, yeye akatazama angani. Kaka aliporudi hakusema kitu. Tangu hapo, kila ubishi ulipozuka mezani kuhusu kupinda kule, Povu alikuwa na jibu moja: brashi haikuwa mkononi mwangu. Hata mazishini alimwambia mtu hivyo, ili wacheke kidogo.

"Nakwenda kunyoosha miguu na kutafuta mafuta ya kupikia," alisema Shemeji. "Hiyo lami haikwanguliwi. Inalainishwa. Usiiguse."

Akaondoka. Povu alibaki na gurudumu. Kwenye sanduku la vifaa mlikuwa na wembe wake wa kukwangulia stika. Mkwaruo mmoja, lami ingetoka, doa lingetoka nayo, na kipande kidogo cha mstari. Angesema lami ilikuwa imeula mstari. Nani angejua.

Mkono wake ulikuwa umeshaushika wembe. Akainama. Rimu ilimwonyesha uso wake, mrefu na mweusi, na mstari mwekundu ukipita katikati ya paji. Akautazama ule mstari, saa nne za mikono ya mtu, bila mkwaruzo hata wa unywele.

Benchini Mwalimu alikuwa amefungua mdomo ahesabu. Povu akaurudisha wembe sandukuni, akafunga kifuniko, akakikalia. Mwalimu naye akafunga mdomo wake.

Shemeji aliporudi alimkuta bado amelikalia sanduku.

"Shemeji, kabla hujaendelea. Kuna jambo chini ya hiyo lami."

"Ningoje."

"Ni mimi nili..."

"Povu. Nikiwa na kioo mkononi siongei."

Alifunga diski ya breki kwa kitambaa kikavu, akaizungusha mara mbili. Akachovya pamba kwenye mafuta ya kupikia, akaibandika juu ya lami, akaiacha. Walingoja wote watatu, kama watu wanaongoja daktari atoke. Alipoinua pamba, ilikuwa ya kahawia. Akabandika nyingine, na ya tatu. Lami ikaanza kuteleza. Akaibeba kwa ncha ya pamba, kidogo kidogo, bila kusugua, kisha akaosha mahali pale kwa sabuni mara mbili mpaka mafuta yote yakaisha. Akashusha kioo cha kukuza, akasogea. Mabega yake yakasimama.

"Lete kidole gumba," alisema.

"Shemeji, nilitaka kukueleza."

"Cha kulia."

Povu akakitoa. Gumba lake la kulia lilikuwa na kovu la mshazari, la kopo la maziwa, la utotoni. Shemeji akatazama gumba, akatazama rimu. Kwenye doa jekundu, kando ya mstari uliopinda, zilikuwepo alama za ngozi, mistari midogo kama ya maji yaliyotupiwa jiwe, na katikati yake ufa wa mshazari.

"Miaka kumi na mitano," alisema Mwalimu kutoka nyuma, kwa heshima kubwa.

"Nilidhani hakuona," alisema Povu. "Nilizungusha gurudumu. Alirudi, hakusema neno."

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni sasa, kwenye maji, na sketi yake inalowa. "Gurudumu hili hakuacha mtu alioshe. Kila Jumapili alikuwa hapo na brashi yake ya ndevu. Na kila akifika upande huu alikuwa anacheka peke yake. Nilimwuliza. Akasema, kuna mtu ametia sahihi hapa na anadhani sijui kusoma." Akafuta jicho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa kazini. "Nilidhani ni mzaha wake tu. Kumbe alikuwa anakulinda wewe."

Akavua miwani, akamvika Povu, akamwelekeza kichwa kwa mikono miwili kama anavyowaelekeza wateja. Povu akaona gumba lake, kubwa kama uwanja, jekundu, halijapata hata mkwaruzo. Pembeni yake aliona mahali brashi ya kaka ilipozunguka doa kwa uangalifu, ikaliacha, ikaendelea na safari. Kaka alikuwa na kitambaa cha kurekebishia, na hakukitumia.

"Shemeji," alisema, akiwa bado ndani ya miwani, "hii kazi uliyoifanya, mimi nisingeiweza hata kwa mwaka."

"Najua. Ulikuwa na wembe."

Povu akageuka kumtazama Mwalimu.

"Usimtazame mwenzio. Wembe niliuona sandukuni ulipotoa msumari. Sanduku lina kona kali, na watu hawakalii kona kali bila sababu."

Ndipo Shemeji akacheka, na kicheko kile kilikuwa kirefu, cha miaka sita.

Jumatatu asubuhi binti alikuja uwanjani na koti lake jipya, kofia mkononi. Aliizunguka pikipiki, akaisifu, akachuchumaa mbele.

"Baba mdogo, hapa mmeacha doa."

"Hilo halioshwi," walisema Shemeji na Povu pamoja.

"Likitoka?"

"Likitoka, uje na maelezo ya maandishi," alisema Povu. "Na ukitoka kazini, rimu ikiwa ya moto iache ipoe kwanza. Maji ya kumwagilia. Sabuni ya vyombo. Kitambaa kikianguka?"

"Kinakuwaje?"

"Kimekufa," alisema Mwalimu, aliyepitia hapo kabla ya kengele ya shule.

Binti akawasha, akaaga. Pikipiki ilipoanza kwenda, doa lilionekana likizunguka mara mbili, mara tatu, kisha likayeyuka ndani ya mstari, ukabaki mstari mmoja mwekundu unaokwenda barabarani. Povu aliusindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha akaenda kwenye msumari, akakitungua kile kitambaa chake cha miaka minne, akakitazama mbele na nyuma, akakitupa pipani.

Mwalimu alikuwa anaufunga mkoba wake.

"Ishirini," alisema, akaenda zake shuleni.